Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Ziwa Victoria: chanjo ya kichocho ni haja yetu sisi kwanza

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya afya, sayansi na fedha
katika nchi za Tanzania, Kenya na Uganda

YAH: KUCHELEWA KWA CHANJO YA KICHOCHO NA UKIMYA WETU KATIKA SAFARI YAKE

Waheshimiwa,

Natanguliza salamu na heshima zenu zote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi katika kisiwa kimoja cha Ukerewe. Nimefundisha miaka 27, na 15 kati ya hiyo nilikuwa mwalimu wa afya, yule anayeitwa kwenye semina ya siku moja kisha anarudi shuleni na makopo ya vidonge, fimbo ya kupimia urefu na daftari la majina. Nimegawa kingatiba ya kichocho kwa watoto ambao leo wananiletea watoto wao.

Kabla ya kuja hadharani nimepita njia zote za ndani. Barua ya kwanza niliiandika 2021 nikaipitisha kwa mkuu wangu wa kazi, kama utaratibu unavyotaka. Ya pili niliipeleka kwa mkono 2023 katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ikagongwa muhuri wa kupokelewa nikaambiwa suala linashughulikiwa. Nilifuatilia mara nne, kila safari nauli ya kivuko na siku nzima ya kungoja kwenye benchi. Mara ya mwisho kijana wa masjala alinieleza kwa upole kwamba faili halionekani. Sina kinyongo naye. Ila niliporudi kisiwani usiku ule niliamua kwamba barua ya tatu itasomwa na kila mtu.

Niruhusuni kwanza nieleze siku moja tu.

Ni siku ya kumeza dawa. Tangu alfajiri akina mama wa kamati wamepika uji, maana vidonge hivi vikimezwa tumbo likiwa tupu mtoto hutapika. Watoto wamepanga mstari nje ya darasa. Mmoja mmoja anasimama kwenye fimbo, visigino vimegusa ukuta, nami nasoma alama iliyo usawa wa utosi wake: kidonge kimoja na nusu, viwili, viwili na nusu. Ni vidonge vikubwa, vichungu, na harufu yake hubaki vidoleni hadi jioni. Mvulana mmoja wa darasa la nne, tumbo limetangulia mbele na mikono imekonda, aliviweka shavuni akajifanya amemeza. Nikamwambia afungue mdomo. Akanitazama, akameza, machozi yakamlengalenga, wala hakusema neno.

Ilipofika saa saba mchana uji ulikuwa umekwisha na tenki la shule halikuwa na tone. Nikawatuma watoto wakubwa ziwani wakaoshe vikombe na sufuria. Naye alikuwemo. Nilisimama mlangoni nikawatazama wakiingia majini hadi magotini, kwenye matete, pale pale walipojaa konokono wale wadogo bapa, na jua la utosi likiwaka. Dawa ilikuwa ingali tumboni mwao. Niliyewatuma ni mimi, kwa sababu maji mengine hayakuwepo.

Konokono hao huachia viluwiluwi vya kichocho mchana, jua likiwa kali. Havionekani kwa macho. Vinaogelea, vinagusa ngozi, na katika dakika chache vimeshapenya. Wiki tano au sita baadaye vimekuwa minyoo kamili ndani ya mishipa ya damu karibu na utumbo. Jike hujilaza katika mfereji ulio mwilini mwa dume, na wakiwa hivyo hutaga mayai yapatayo 300 kwa siku. Mengine hutoka na choo. Mengine hayatoki: hukwama kwenye ini, na kila yai linalokwama huacha kovu lake.

Nayasema haya kwa kirefu kwa sababu malalamiko yangu yote yanatoka hapo.

1. Dawa tunayotoa inatibu, haikingi.

Prazikwanteli ni dawa njema. Imeokoa maisha na sitaki mtu yeyote aniangalie kama mpinga dawa. Nimeigawa kwa mikono yangu. Lakini inaua minyoo mikubwa tu. Ile michanga iliyoingia juzi haiguswi, inakua, na mtoto anaanza tena kutoa mayai kabla muhula haujaisha. Na hata aliyetakasika kabisa, siku ya kwanza akikanyaga ziwa yuko pale pale alipokuwa. Tangu miaka ya 2000 watafiti wamefuatilia vijiji vya upande wetu wa Mwanza na vile vya magharibi mwa Kenya, na wakakuta vijiji ambavyo dawa ilitolewa mwaka baada ya mwaka na ugonjwa haukushuka kama ilivyotarajiwa. Wamevipa jina lao la kitaalamu. Sisi tunaishi humo.

Zanzibar walifanya zaidi yetu. Kati ya 2011 na 2017, Unguja na Pemba, waligawa dawa kwa watu wazima na watoto, wakaua konokono kwenye mito na mabwawa, wakafundisha watu. Kichocho cha mkojo, ambacho ndicho cha kwao, kilishuka sana, jambo la kuwapongeza. Hakikuisha. Na hayo ni mabwawa na vijito vya kisiwa. Ziwa Victoria nani atalimwagia dawa ya konokono?

2. Wapo ambao hata hiyo dawa haiwafikii.

Kwa miaka mingi mpango umekuwa wa watoto wa shule. Aliye chini ya umri wa shule, anayeogeshwa kwenye beseni la maji ya ziwa kila jioni, hakuwa na dawa inayomfaa. Ilibidi kungoja hadi 2024 ndipo Shirika la Afya Duniani likaidhinisha kidonge cha watoto wadogo, baada ya kazi iliyoanza 2012 na majaribio yaliyohusisha watoto wa Kenya na Ivory Coast. Hiki nacho ni tiba, si kinga.

Na wavuvi? Mdogo wangu wa kunifuata alikuwa mvuvi wa dagaa. Alianza kuvua akiwa na miaka 14. Usiku na karabai ziwani, asubuhi anashusha mzigo mwaloni akiwa majini hadi kiunoni, mchana anaosha nyavu. Hakuna siku hata moja mtu alimjia na fimbo ya kupimia urefu, kwa sababu alikuwa mtu mzima, na mtu mzima hayumo kwenye daftari. Alipofika miaka 38 tumbo lilijaa maji. Watu wakanong'ona amerogwa. Siku aliyotapika damu tulimbeba kwenye mtumbwi wake mwenyewe. Alijaza ndoo ya lita kumi karibu nusu kabla hatujafika ng'ambo. Daktari alitueleza kwamba ini lilikuwa na makovu ya mayai ya kichocho, damu ikakosa njia, ikarudi na kupasua mishipa ya koo la chakula. Alifariki siku ya tatu. Shemeji yangu aliniuliza swali ambalo sijalijibu hadi leo: wewe unayegawa dawa, mbona hukumpa?

Kuna pia wanawake. Kichocho cha mkojo, kile cha pwani na cha mabwawa, hutaga mayai hadi kwenye njia ya uzazi. Wanaokadiriwa kuumwa hivyo wanafika wanawake na wasichana milioni 56, karibu wote Afrika. Wengi wao huambiwa wana ugonjwa wa zinaa, wakadhaniwa wahuni na waume zao na hata na wauguzi, wakapewa dawa zisizohusika. Sitaendelea sana hapa kwa sababu wapo wanawake wanaoweza kulisema hili kwa sauti zao, na ninaomba muwaite muwasikilize.

3. Chanjo zinatafutwa, lakini sisi hatumo miongoni mwa wanaozitafuta kwa fedha zao.

Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Watu wengi, na nadhani hata baadhi yenu Waheshimiwa, hawajui kwamba chanjo ya kichocho si ndoto. Brazil, katika taasisi ya Fiocruz, Dkt. Miriam Tendler na wenzake wametumia miongo kadhaa kuitengeneza ile iitwayo Sm14, na ikafika hatua ya pili ya majaribio kwa watu wa bonde la Mto Senegal. Texas, Marekani, kuna mbili: moja ya kikundi cha Dkt. Peter Hotez, iliyofika hadi kujaribiwa Uganda, na nyingine ya Dkt. Afzal Siddiqui, iliyopelekwa kujaribiwa Burkina Faso na Madagascar. Kwa safura, ugonjwa wa aina nyingine ya minyoo ya tumbo, nako kazi ya chanjo ilianza tangu 2000, na majaribio yamefanyika Brazil na Gabon.

Hakuna hata moja iliyovuka hatua ya mwisho. Zinakwenda kwa mwendo wa kinyonga, na ukisoma sababu, sayansi ni sehemu tu. Kwa kila hatua fedha huisha, mradi hulala miaka, mtafiti huzeeka akitafuta mfadhili. Kampuni za dawa hazioni soko, maana mgonjwa wa kichocho hana pesa. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba 2021 watu milioni 251.4 walihitaji dawa ya kichocho, na milioni 75.3 tu ndio walioipata. Watu 9 kati ya kila 10 wanaoihitaji wako Afrika. Ugonjwa wa watu milioni 251 ukikosa soko, basi serikali za watu hao ndizo zinazopaswa kuwa soko.

Kila Juni huwa nakaa na redio nikisikiliza bajeti zetu zikisomwa. Nimesikia mafungu ya barabara, ya vivuko, ya vizimba vya samaki. Sijawahi kusikia, katika nchi yoyote kati ya hizi tatu, fungu likitajwa kwa jina la chanjo ya kichocho. Kama lipo na mimi nimepitwa, nitafurahi mnisahihishe hadharani.

4. Chanjo itakayotengenezwa bila sisi inaweza isitufae.

Naomba hapa mnisome taratibu, kwa sababu ndiyo hoja nisiyoisikia ikitajwa. Chanjo ya kwanza ya safura ilijaribiwa kwa Wamarekani ambao hawajawahi kuwa na minyoo. Ikaonekana salama. Ikapelekwa kijijini Brazil, kwa watu wazima waliokwisha kuishi na safura. Baadhi yao mwili mzima ukatoka vipele vya kuwasha muda mfupi baada ya sindano. Jaribio likasimamishwa. Ilibainika kwamba miili iliyowahi kukutana na mnyoo ule tayari ilikuwa na askari wake wa mzio, na chanjo iliwaamsha kwa fujo. Miaka ya kazi ikapotea, ikabidi waanze na kiungo kingine.

Nani mwingine ana mwili wa namna hiyo kama si sisi? Mtoto wa visiwa vyetu, wa Ukara, wa Rusinga, wa Buvuma, amekutana na kichocho kabla hajajua kusema. Mama yake alikuwa nacho akiwa na mimba yake. Anayetaka chanjo ya mtoto huyu ni lazima aanze na mtoto huyu akilini, tangu maabara, tangu meza ya kwanza. Kumletea mwishoni iliyopimwa kwa damu ya mtu wa Seattle, Marekani, ni kubahatisha.

Na elimu ya kwamba mwili unaweza kujifunza kukikataa kichocho imetoka sehemu kubwa kwetu. Kisumu, watafiti waliwafuatilia waosha magari na wachimba mchanga, watu wanaosimama ziwani kutwa nzima. Matokeo yaliyochapishwa 2002 yalionyesha kwamba baadhi yao, baada ya kutibiwa, kuambukizwa na kutibiwa tena mara nyingi, walianza kukaa muda mrefu zaidi kabla ya kuambukizwa upya. Vijana wale walitoa damu na vinyesi vyao mwaka hadi mwaka. Dunia imejifunza kutoka kwao kwamba kinga ipo. Wao, na watoto wao, wanaendelea kusimama majini.

5. Hata dawa tuliyo nayo si yetu.

Vidonge vinatolewa bure na kampuni ya Merck ya Ujerumani, iliyoahidi hadi vidonge milioni 250 kwa mwaka kupitia Shirika la Afya Duniani. Tunawashukuru. Kuvisafirisha na kuvigawa kumetegemea misaada. Uingereza ikapunguza misaada yake 2021. Marekani ikafunga USAID, shirika lake la misaada, 2025. Waheshimiwa, mnajua mlivyohangaika miezi ile.

Najua majibu yatakayotolewa. Nimeyasikia kwenye mabenchi niliyokalia, kwa hiyo nayajibu mapema.

Mtasema: tujenge vyoo na kuleta maji ya bomba kwanza. Jengeni! Nitakuwa wa kwanza kuja kuchimba msingi; mkijaza tenki la shule yangu mtakuwa mmeniondolea mzigo ninaobeba tangu siku ile ya vikombe. Lakini mvuvi havui kwenye bomba. Mwenye kulima mpunga hasimami juu ya zege. Kwa watu wa ziwa maji ndiyo shamba na ndiyo barabara, na choo kimoja kikikosekana katika kambi ya wavuvi kisiwani, konokono wa ufukwe mzima wanapata riziki. Tunahitaji vyote.

Mtasema: mnyoo hauchanjiki. Ni kweli kwamba mnyoo si kirusi. Ni mnyama mzima, mwenye misuli na mdomo, anayejivika vipande vya mwili wetu ili askari wa damu wasimtambue, na anaweza kuishi ndani ya mtu miaka mingi. Hii ndiyo sababu kirusi cha korona kilijulikana Januari 2020 na chanjo yake ikaanza kudungwa Desemba mwaka ule ule, wakati ya kichocho bado. Lakini ng'ombe wa Uingereza wanachanjwa dhidi ya minyoo ya mapafu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kondoo wa Australia wana chanjo ya mnyoo wa tumbo tangu 2014. Na hapa hapa Tanzania, chanjo ya tegu wa nguruwe, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Melbourne, imejaribiwa vijijini ikishirikiana na dawa, na nguruwe wakalindwa. Nguruwe wa mkulima wa Tanzania amekwisha kupata chanjo ya mnyoo. Sina ubaya na nguruwe. Nasema tu kwamba neno "haiwezekani" limeshajibiwa zizini.

Mtasema: Senegal walijaribu wakashindwa. Ndiyo, na tusifiche. Kati ya 2009 na 2012 watoto 250 wa Senegal waliingia katika jaribio la chanjo ya Bilhvax, kazi ya miaka mingi ya Taasisi ya Pasteur ya Lille, Ufaransa. Ilikuwa chanjo ya kwanza ya mnyoo wa binadamu kufika hatua ya tatu, ile ya mwisho. Haikuwakinga. Miili yao iliitikia, lakini mwitikio ule haukuwa wa kuzuia ugonjwa. Hayo ni maarifa, na yamelipiwa na watoto wa Afrika. Chanjo ya kwanza ya malaria ilianza kutengenezwa 1987 na ikapendekezwa itumike 2021. Miaka 34. Katika miaka hiyo ilishindwa mara ngapi? Watoto wa Bagamoyo na Korogwe walishiriki majaribio yake, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi tatu zilizoianza 2019. Hatukusema malaria basi.

Mtasema: wananchi watakataa sindano, watasema mnawafanyia majaribio. Hofu hii ina msingi. Mwaka 2008 mkoani Morogoro wazazi walivamia shule kwa sababu ya vidonge hivi hivi vya kichocho. Uvumi ulienea kwamba vinaua watoto. Nilizungumza na walimu wenzangu waliokuwa kule. Tatizo lao kubwa halikuwa dawa. Hakuna aliyekuwa amekaa na wazazi kabla, akawaeleza nini kinaletwa, kitamfanya nini mtoto, na nani wa kuulizwa. Sisi kisiwani tulipoanza kufanya mikutano mwaloni, jioni, baada ya nyavu kuanikwa, waliokataa walipungua hadi nikawajua kwa majina. Watu wa ziwa wanakijua kichocho. Wamezika kwa ajili yake. Waulizeni kabla hamjawasemea.

Mtasema, mwisho kabisa: hakuna fedha. Waliowatangulia walikaa Abuja 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Miaka michache baadaye wakaahidi asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tangu 2021 Umoja wa Afrika unasema ifikapo 2040 asilimia 60 ya chanjo zinazotumika Afrika zitengenezwe Afrika. Mimi ni mwalimu. Mwanafunzi akiahidi kazi ya nyumbani huwa namwuliza iko wapi. Na kama tunajenga viwanda vya chanjo kwa fahari kubwa, tuanze na ipi kama si ile ambayo hakuna mwingine duniani mwenye sababu ya kuitengeneza?

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninaomba yafuatayo:

1. Nchi zetu tatu zianzishe fungu moja la pamoja kwa utafiti wa chanjo ya kichocho na minyoo mingine, liandikwe kwenye bajeti kwa jina lake, lisomwe bungeni, likaguliwe. Lianze dogo ikibidi. Mwenye mchango mezani ana sauti mezani.

2. Maabara na wataalamu wetu wa Mwanza, Kisumu na Entebbe wawe waanzilishi wa majaribio, wasiwe wakusanyaji wa vinyesi vya wengine. Leiden, Uholanzi, wajitoleaji 17 walikubali kuambukizwa minyoo ya kiume tu, isiyoweza kutaga mayai, ili chanjo ziweze kupimwa haraka kwa watu wachache. Matokeo yalichapishwa 2020. Watafiti wa Uganda waliitisha majadiliano kuhusu kuifanya njia hiyo kwetu, kwa uangalifu unaostahili. Wapeni sheria inayoeleweka, bima kwa wajitoleaji, na kamati za maadili zenye wavuvi na akina mama ndani yake.

3. Tangazeni mapema, kwa maandishi, kwamba chanjo itakayothibitika kuwa salama na yenye kupunguza ugonjwa mtainunua kwa pamoja, kwa idadi mtakayoitaja. Hata ikiwa ya kukinga nusu tu. Mnyoo ukipungua nusu na mayai yakipungua nusu, kuna maini yatakayopona.

4. Wakati tukingoja, dawa iliyopo iwafikie wote: kidonge cha wadogo katika kliniki za mama na mtoto, na vidonge vya wakubwa mialoni, jioni, wavuvi wakiwa nchi kavu. Wauguzi wafundishwe kichocho cha njia ya uzazi ili mwanamke asitukanwe kwa ugonjwa wa maji.

5. Kila jaribio lililofanyika kwa watu wetu, matokeo yake yarudishwe kwao kwa Kiswahili na kwa lugha zao, yawe mema au mabaya. Katika miaka 15 nimewapeleka watoto kupimwa na watafiti mara tatu. Hakuna aliyerudi kutuambia alichokiona.

Ninaomba jibu la maandishi ndani ya siku 90, nalo liwe la hadharani kama barua hii ilivyo. Nitalibandika kwenye ubao wa matangazo mwaloni na kulisoma kwa sauti kwa wasiojua kusoma.

Na kama kuna mmoja wenu atakayependa kuja kujionea, namkaribisha siku ya kumeza dawa. Nimestaafu, lakini shule bado huniita kushika fimbo, kwa sababu mwalimu aliyechukua nafasi yangu yuko peke yake na watoto ni zaidi ya 800. Kivuko kinafika saa nne asubuhi. Uji utakuwepo. Tafadhali mje na gari la maji, tuoshee vikombe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi,
Ukerewe, Ziwa Victoria

Nakala: Wabunge wa majimbo yote yanayopakana na ziwa, wenyeviti wa mialo, wazazi.